Michirizi Mgongoni mwa Saidi

Utotoni kwangu Baleni, kila mtu alijua kwamba mwanga, mchawi wa usiku, akimbana mtoto mchanga huacha alama za vidole. Habari hizo nilizisikia nikisukwa nywele na shangazi Mize, dada wa baba, mwanamke wa maneno mengi aliyenifinya sikio kila nilipotikisika.

Siku moja mama alimwachia mdogo wangu Saidi, akaenda kuchimba muhogo. Saidi alikuwa hajaanza hata kukaa. Shangazi alimwogesha, akamlaza kitandani juu ya kanga, akaenda kukuna nazi. Mama aliporudi kumnyonyesha, mtoto hakuamka.

Alasiri, wanawake waliokuwa wakiuosha mwili walimgeuza, wakaacha kumwagia maji. Mgongo wa Saidi ulikuwa wa zambarau, na katikati ya zambarau ile mlikuwa na michirizi myeupe iliyojipanga kama vidole. Hakuna aliyetaja jina, lakini wote walimgeukia shangazi.

"Wifi," mama akasema, "nilikuachia mwanangu mzima."

Basi, yakaisha hapo. Baba hakumtetea dada yake. Mwezi haukuisha, shangazi akahamia kisiwani Bwejuu kwa ndugu wa mama yake, nami nikakosa wa kunisuka. Nilimlilia yeye kuliko nilivyomlilia Saidi, maana Saidi nilikuwa bado sijamzoea.

Leo mimi ni daktari, na kazi yangu ni kuchunguza vifo. Mtoto aliyelala mzima akikutwa amekufa, hatuishii kwenye mwili wake tu. Tunauliza aliugua nini na alinyonya saa ngapi, tunakwenda hadi chumbani, tunampa aliyemlaza mwanasesere atuonyeshe alivyofanya. Siku ya kwanza nilipomgeuza mtoto mezani nikaiona michirizi ile, nilipanga vidole vyangu juu yake kulinganisha. Mwalimu wangu aliomba tu aletewe shuka alilolalia. Moyo ukisimama, damu hushuka upande uliolaliwa na ngozi hubadilika rangi. Palipobanwa na mikunjo ya nguo damu haifiki, hubaki peupe.

Likizo iliyofuata niliviringisha taulo likawa mtoto, nikamwomba mama anionyeshe alivyomkuta Saidi. Alililaza chali, juu ya kanga iliyokunjamana. Nilipomweleza, alilikunjua taulo lile, akalikunja upya, kisha akauliza boti ya Bwejuu inaondoka saa ngapi.

Shangazi alikuwa amezeeka, ila ulimi ulikuwa uleule. Aliniitikia marahaba huku akizikagua nywele zangu, akasema aliyenisuka ana haraka zake. Mama alimwomba radhi, wakalia wote wawili, nami nikalia. Halafu shangazi akanigeukia.

"Sasa kilichomuua ni nini?"

Nilimwambia ukweli. Saidi amekwenda na siri yake. Hata sasa, tukishapasua, tukapima, tukauliza na kuziondoa sababu zote moja moja, wapo watoto ambao sababu yao hatuipati.

"Kama nyinyi mliosoma mnaweza kusema hamjui," akasema, "wale wanawake siku ile walijuaje?"

Mama aliinamisha kichwa.

Madaktari vijana ninaowafundisha huona haya kuandika kwamba sababu haikujulikana, kana kwamba tumeshindwa kazi. Mimi huandika bila haya, nikishahakikisha tumetafuta kila mahali. Siku ile Baleni, maneno hayo yangetosha kumwacha shangazi yangu nyumbani kwake.