Jiwe Juu ya Supapu

Nianze na upumbavu wangu, maana kijiji kizima cha Ngungu kinaujua: nilifunga jiwe juu ya supapu, ile valvu ya mashini ya mvuke, ili ifanye kazi mbio kama chungu ya maharagi.

Ninyi wadogo wa primeri, someni kwa heshima. Niko na kazi ndefu nyuma yangu: siku nne za vakansi ya shule. Siku ya kwanza nilipangwa kwenye kuni, chini ya Papa Shefu wa kiwanda cha mbao. Ya pili, kwenye maji, debe kwa debe. Ya tatu nikapandishwa cheo: moto, chini ya Fundi Mkubwa.

Huyu alikuwa ameendesha gari-moshi kule kusini. Alisema zile za zamani zilikula kuni bila kushiba. Kiisha wakagundua kupasha mvuke mara ya pili, nguvu ikazidi. Kiisha zikaja za mafuta ya mazutu, yeye akarudishwa nyumbani. Mashini yetu, ambayo mzungu wake aliiacha mwaka wa uhuru, ilikuwa ndugu ya gari-moshi asiye na reli: tangi lenye moto tumboni, na mkanda wa kuzungusha msumeno.

«Supapu njo pua yake,» alisema. «Mvuke ikizidi, huu mukono wa chuma unainuka, inapumua. Usiuguse.»

Siku ya nne ile pua ilivuja mvuke kwa kelele tangu asubuhi, nguvu ikapungua, na msumeno ukakwama ndani ya gogo. Mama yangu, mpishi wa wafanyakazi, huweka jiwe juu ya kifuniko cha chungu, na maharagi yanaiva vizuri. Basi Fundi alipoenda kuukwamua msumeno na kunoa meno yake, nikafunga jiwe juu ya ule mkono. Kelele ikanyamaza. Nikajisifu.

Kiisha chuma kikaanza kutetemeka. Ile saa ya kupima mvuke, mshale wake ulipita alama nyekundu. Fundi akarudi, akaigonga na kidole.

«Hii saa imekufa. Supapu haipumue, basi mvuke haijazidi. Ongeza kuni.»

Nilishika kuni, mikono ikakataa. Nyuma ya ukuta wa mbao mama alikuwa anaimba.

«Papa Fundi, supapu haiwezi kupumua.»

«Juu ya nini? Sababu gani?»

«Nimeiwekea jiwe.»

Hakunipiga. Hapo njo niliogopa kabisa. Nilitaka kuruka nilitoe.

«Usiguse! Ukiifungua gafula, tunapasuka wote. Kimbia, toa mama yako!»

Tulilala nyuma ya magogo, mama amenishika shingo. Papa Shefu, mwenye kutisha kila mtu, alikuwa chini ya mkokoteni, anaomba Mungu kwa lugha tatu. Fundi alibakia peke yake, anatupa unga wa mbao wenye maji juu ya moto, koleo kwa koleo. Tangi lililia kama ng'ombe anayezaa. Kila koleo nilifikiri ndiyo ya mwisho.

Kilio kikapungua, kikakatika. Tulingoja sana. Fundi akatoka, mweusi kwa masizi, jiwe mkononi.

«Kamata. Mushahara yako hii.»

Hivyo nikaingia pansio, nikastaafu, na miaka yangu kumi na tano.

Mama akaniuliza nilifikiria nini. Nikamweleza habari ya maharagi. Aliliangalia lile jiwe, kiisha akasema:

«Mutoto wangu, mie nawekaka jiwe sababu ya mbuzi, isifunue chungu. Ungeniuliza tu.»