Mashavu ya Amani

Asubuhi ile kule Bijombo nilikuwa nagombana na Riziki, mke mwenzangu, juu ya maziwa. Yeye ndiye mdogo, bwana alikuwa upande wake, na sasa eti mtoto wake Heri anywe kabla ya Amani wangu! Sikukubali. Nilikuwa na wivu, na sijawahi kuuficha.

Risasi zikalia upande wa malishoni.

Bwana alikuwa huko na ng'ombe. Hatukumwona tena.

Tulibeba watoto, tukateremka mlima bila hata sufuria.

Songo, pale Uvira, familia ya wavuvi ilitupa chumba kimoja. Tulikula bugali wa muhogo mtupu, asubuhi na jioni. Heri alikonda akabaki macho tu. Amani akajaa mashavu, na wanawake wa bombani wakanisifu: "Eh, mama Amani! Weye iko unamulisha nini huyu mutoto?" Nilimtazama Riziki kwa pembeni, nikasikia utamu moyoni.

Siku ya kupima watoto wa wakimbizi, mpimaji alizungusha utepe kwenye mkono wa kila mmoja. Wa Heri ulionyesha nyekundu, yaani njaa kali, akapewa pakiti za siagi ya karanga. Wa Amani, kijani.

"Huyu iko muzima. Mwingine!"

Mungu wangu, wivu ulinila! Hata ukimbizini, hata kwenye njaa, yeye ndiye apate! Riziki aliambiwa ile ni dawa ya Heri peke yake, asigawe. Lakini Amani alipolia, Riziki alichovya kidole humo akamlambisha. Hata wema huo niliuonea wivu. Kwa nini yeye ndiye awe na cha kutoa?

Kisha Amani akaacha kulia. Akaacha kucheza.

Mama mwenye nyumba alimbonyeza mguu. Shimo la kidole likabaki.

"Huyu hakunenepa, mama. Amevimba kwa njaa. Ni bwaki."

Tulikimbia kituo cha afya. Riziki ndiye aliyembeba, mimi nikimfuata nyuma.

Muganga wa kituo alisema utepe haujui uvimbe, wapimaji walipaswa kumbonyeza miguu siku ile.

Amani alikufa kabla ya jioni.

Riziki alilia kuliko mimi. Nikamwambia, "Nyamaza. Weye uko na wako."

Leo Heri ni mwanaume wa mabega mapana. Ananiita mama mukubwa, ananiletea ndagala kutoka ziwani. Ninampenda, sisemi uongo. Lakini kila akiingia mlangoni pangu, bado ninasikitika kwamba aliyeingia ni yeye.