Jina la Mbebaji

Binti yangu anafanya kazi za kompyuta. Juzi alinionyesha amri alizoandika.

"Baba, ukiyafunga maneno kwa alama moja moja za nukuu, kompyuta inayaacha kama yalivyo. Ukiandika JINA, linabaki JINA. Ukiyafunga kwa alama mbili mbili, inaingiza jina la mtu mwenyewe."

Sina hakika nilimwelewa sawasawa, maana niliishia darasa la nne. Ila nilihisi ukungu wa milima ya Uluguru unaingia pale sebuleni, taratibu.

Enzi za Ujamaa nilikuwa karani wa kijiji, huko juu ya Mkuyuni. Mwenyekiti alinikabidhi barua ya mfano. "Nakili kama ilivyo, Ndugu Karani. Usiongeze hata nukta."

Sikuongeza.

Mama mmoja, jirani yetu, mwanawe alikuwa amefungwa gereza la Kingolwira. Kumwona ilikuwa mara moja kwa mwezi, na lazima uwe na barua ya kijiji. Nikamwandikia kwa mwandiko mzuri, nikagonga muhuri. Yeye hakujua kusoma. Akashuka alfajiri na kikapu cha ndizi kichwani. Ukungu ukamficha miguu, nikamwona kama anaelea.

Kesho yake alirudi na kikapu kilekile, kimejaa vilevile.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Askari kanicheka, mwanangu. Kasoma, 'Mbeba barua hii, JINA LA MBEBAJI, ni mkazi wetu.' Kaniuliza, 'Mama, hilo jina ulirithi kwa babu au kwa bibi?' Kisha akanirudisha."

Askari hakukosea, alifuata sheria. Mwenyekiti naye asilaumiwe, mfano ni mfano. Kosa lilikuwa langu, ingawa hadi leo sijui kama ningethubutu kugusa neno la barua ile.

Nikaandika nyingine palepale, safari hii na jina lake. Hakuipokea.

"Nisomee kwanza."

Nikasoma. Nilipofika kwenye jina lake akafumba macho.

"Rudia."

Nikarudia mara tatu, labda nne.

Mwezi uliofuata akaenda tena. Siku mbili zile sikuandika kitu, nilitazama njia tu, mawingu yakiifuta na kuirudisha. Alipotokea, aliinamisha kikapu nikione ndani. Mlikuwa na maganda mawili ya ndizi.

"Kala mbele yangu," akasema. "Kakonda, lakini kala."