Mwenyekiti Aitwaye Ulf

Ulf Kvernmoen alifuga kondoo mia mbili karibu na mpaka wa Uswidi, na kwa miaka kumi na tisa alikuwa mwenyekiti wa chama cha kupinga mbwa mwitu. Kazi hiyo aliifanya kwa moyo wake wote. Kila mwaka theluji ikiyeyuka, aliiandikia serikali barua kali akidai mnyama huyo aondolewe bonde zima, kisha akatia sahihi kwa wino mzito: Ulf. Yaani, kwa lugha ya mababu zake, Mbwa Mwitu. Bila shaka makarani wa Oslo waliisubiri barua hiyo kwa hamu.

"Mwenyekiti," jirani yake Torleiv alimwambia siku ya kuteremsha kondoo kutoka milimani, "mwaka huu wamepungua sita. Tuanze kupekua jikoni kwako?"

"Jina nimelirithi kwa babu," Ulf alijibu bila kucheka. "Wazee walimpa mtoto jina hilo ili awe jasiri, adui amwogope."

"Na ujasiri wenyewe umeurithi? Mbona juzi jogoo alikupandisha ngazi?"

Solbjørg, mkewe Ulf, alithibitisha kwamba ni kweli, na kwamba hata jogoo mwenyewe alikuwa mdogo.

Majira ya baridi binti yao, Gunnvor, akajifungua mtoto wa kiume. Kwa desturi ya ukoo, kifungua mimba hupewa jina la babu yake. Ulf hakuona haja hata ya kuuliza. Alishachonga herufi tatu kwenye kitanda cha mtoto.

"Baba," Gunnvor akasema, "miaka yote hii unamfukuza mbwa mwitu, leo mimi nimpeleke kanisani akabatizwe?"

"Hilo ni jina la ukoo!"

"Basi ukoo upumzike. Huyu anaitwa Bjørn."

Bjørn ni dubu. Naye dubu wa bonde lile hasifiki kwa kula majani. Kiangazi kilichopita alikuwa amewatafuna kondoo wanne wa Ulf. Mzee alinuna siku tatu, akila viazi vyake kana kwamba vimemtukana.

Siku ya ubatizo Torleiv aliinua kikombe chake cha kahawa. "Ehe, mwenyekiti, sasa chama chetu kinampinga nani?"

Mjukuu alikuwa kifuani pa Ulf, amemkamata ndevu kwa ngumi zote mbili na hataki kuziachia. Mzee akawageukia wageni, machozi yakimlengalenga kwa maumivu na kwa fahari, akaanza kuwaeleza maana ya Bjørn: nguvu, subira, ubwana wa msitu. Alieleza mpaka keki ikaisha, tena kwa uhakika wa mtu aliyelichagua jina hilo mwenyewe.