Nilivyoshinda Mbio Mbele ya Fisi

Hadi leo sijamsamehe aliyepanga mbio zile za kuchangia mayatima katika bustani ya wanyama. Hakuweka hata mshale mmoja wa kuonyesha njia! Kanisa zima la Umoja lilijua nimeapa kushinda. Kwa hiyo nilipomwona mwanamume mwenye kaptura akitimka mbele yangu, nilimfuata, nikampita kwenye lango la chuma na kuinua mikono juu. Wafanyakazi wawili waliokuwa pale walinikodolea macho tu.

Nikafoka, "Kwani mwanamke akishinda hapigiwi makofi? Medali yangu iko wapi?"

Yule mwanamume akatua ndoo ya nyama, akihema. "Mathe, mimi nimechelewa kulisha fisi. Wale wa mbio walikata kushoto kitambo."