Mama Aliyeonja wa Kwanza

Habari ilinikuta Jumamosi asubuhi nikipiga viatu brashi. Dereva wa pikipiki anayenipeleka kazini alisimama langoni, akasema, "Tata," yaani mzee, "mama wa bière alituacha." Nilikaa chini na kiatu kimoja mkononi. Wasomaji wangu wa hapa Kolwezi wameshajua ninayemsema. Wa mbali niwaambie kwamba katika mtaa wetu wa Musonoi, kwenye nyumba ambayo madirisha yake hutetemeka mgodi unapolipua baruti, alikuwepo mjane aliyepika bia yake mwenyewe, yenye rangi ya chai iliyokolea. Haikuwa bia ya kumtisha mtu. Ulimi ulikutana kwanza na kimea kilichokaangwa, chenye ladha ya ukoko wa mkate, kisha uchungu mdogo ukaja na kuondoka bila ugomvi. Hata waliozoea bia ya kiwandani waliinywa bila kukunja uso.

Huku kwetu anayekupa kinywaji hukionja kwanza mbele yako, ili moyo wako utulie kwamba hakina sumu. Siku hizi wengi wamebakiza kufungua chupa mbele ya mteja, basi. Mama yule aliishika desturi nzima na kuigeuza mahakama. Kila pipa jipya, glasi ya kwanza aliinywa yeye, amesimama, wateja wote wakimtazama, kisha akatoa hukumu. Siku moja nilipeleka wageni wa ofisini baada ya kuwasifia bia hiyo wiki nzima. Akaonja, akafumba macho, akatikisa kichwa. "Ingali mutoto. Ilale kwanza." Niliomba nionje na mimi, nikamwambia ni nzuri sana. Akanicheka. "Tata, unanipatia heshima. Mi nilitaka kweli." Tukapewa chai! Nilikasirika, na wageni walinitania njia nzima. Niliporudi baadaye, pipa lilelile lilikuwa limetulia, na niliomba glasi ya pili kabla sijamaliza ya kwanza.

Nimezeeka katika mji huu nikitazama malori yakibeba mawe yetu ya madini, yangali mabichi, kwenda mpakani. Kuanzia mgodi wa Mashamba hadi ule wa Mutoshi, kinachochimbwa asubuhi kinatakiwa kiwe kimeuzwa jioni. Simlaumu mchimbaji, watoto wake wanataka kula leo. Lakini watu ninaowafahamu wanaoweza kutazama kazi ya mikono yao, wateja wamejaa mbele yao, wakasema bado, ni wachache mno, na mimi mwandishi wa kila wiki simo.

Hofu yake ilikuwa moja, na hakuificha. Binti yake wa pekee anaimba kwaya katika kanisa linalokataza pombe. Alimsaidia mama yake kukaanga kimea na kuosha masufuria, lakini bia hakuitia mdomoni. "Nikikufa, nani ataonja?" mama aliniuliza mara nyingi, akicheka, ila macho yake hayakucheka.

Basi matangani, pipa lake la mwisho, alilolipika kabla ya kuugua, lilitolewa uani ili tumsindikize nalo. Glasi zilipangwa mezani. Hakuna aliyenyoosha mkono. Si kwamba tuliogopa sumu. Tulikuwa tunamngoja yeye, na hilo ndilo lililotutoa machozi wanaume wazima siku ile. Binti alitoka jikoni na kitenge chake cha msiba. Akachota kidogo, akanywa akiwa amesimama. Mchungaji wake aliinamia viatu vyake. Mimi nilikuwa naomba kimoyomoyo aipende, nilitaka kuinywa bia ile kwa mara ya mwisho. Akafumba macho.

"Ingali mutoto," alisema. "Mufunge pipa. Ilale kwanza."

Mjomba mmoja alijaribu kubisha. "Lakini mama yako alishaipika, iko ya kumusindikiza!" Binti akamjibu taratibu, "Tata, mama hangewapatia hii." Pipa likafungwa. Tulimlilia mama wa bia kwa chai, na ninaamini hakuna heshima kubwa zaidi ambayo angepewa. Nilikwenda pale nikidhani kumuenzi marehemu ni kumaliza alichokiacha. Jumamosi hii nitapita tena Musonoi kuuliza kama imekomaa. Nikiambiwa bado, nitarudi nyumbani na kiu yangu, na nitafurahi, maana yupo anayeonja.