Gita Nililolilaza Mapajani

Tangu ile ajali, nikisikia muungurumo nyuma yangu naingia mtaroni. Watu wa Mfaranyaki wamenizoea. Wengine hunitania, "Mzee, hilo ni toroli tu." Nacheka nao huku nikipanda kutoka mtaroni.

Nilikuwa mpiga gita wa kwaya. Siku hiyo nilipanda bodaboda kwenda harusini Matogoro. Dereva, kijana aliyekuwa ameoa karibuni, aliniambia nilivae gita mgongoni. Lakini nilikuwa nimelipaka vanishi jana yake, sikutaka likwaruzike. Nikalilaza mapajani, shingo imetokeza upande wa magari.

"Wewe endesha," nikamwambia, "mambo ya gita niachie mwenyewe."

Lori lililotoka mbele likaikumba ile shingo, tukazungushwa na kutupwa.

Mimi nilivunjika mkono na mbavu. Yeye alikatwa mguu. Askari alipokuja wodini nilimwambia pikipiki ilikuwa inakimbia mno. Gita sikulitaja. Yeye alilitaja, lakini nani angemsikiliza dereva wa bodaboda mbele ya mzee wa kwaya?

Mkono ulipona, nikarudi kupiga. Yeye akawa fundi viatu kwenye njia ya kwenda kanisani, nami kila Jumapili nikawa nazungukia uchochoroni asinione. Miaka mingi nimeishi hivyo.

Mwezi uliopita nilijilazimisha kumwendea. Nilihofu atapaza sauti, watu wajae.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Mwanangu, siku ile nilisema uongo. Hukukimbia. Ni gita langu."

Aliendelea kuvuta uzi. "Hilo nalijua. Nilikuwepo."

"Nimekuja kuomba radhi."

"Asiyeamini ni mke wangu. Tukigombana ananiita mzembe, eti mbio zangu ndizo zilizonikata mguu. Kamwambie yeye. Nyumba ile yenye mlango wa bluu."

Nilimwomba twende wote.

"Aa, mzee. Uliponisingizia sikuwepo. Nenda mwenyewe."

Nilikwenda. Nilimkuta mkewe akianua nguo. Aliniamkia, akanipa kiti, akaingia ndani kunitafutia maji. Nilitamani kuondoka kabla hajatoka. Alirudi ameshika kikombe kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigoda kunisikiliza.

"Mama," nikasema, "mumeo hakuwa mzembe."